Mchukuzi wa Atuganile

Saa kumi na mbili jioni, zamu ilipokwisha, waongozaji wa Kituo cha Anga cha Nyanda waliinuka kwenye viti vyao kama watu waliopigwa. Mmoja alishika kiuno. Mwingine alisahau mlango uko upande gani. Subilaga Mwaipasi, msimamizi wa zamu, alibaki ameketi, kwa sababu miguu yake ilikuwa haijakubali bado kwamba kazi imekwisha.

Atuganile peke yake ndiye aliyekuwa mchangamfu.

Alikuwa amebakiza droni moja angani, yenye sanduku la chanjo, nayo ilikuwa ikiyumba ndani ya ukungu juu ya Mlima Rungwe. Aliileta chini kwa vidole viwili na sauti ya kubembeleza. "Njoo, mwali. Njoo taratibu. Hivyo hivyo, mwali wangu." Droni ikatua. Atuganile akavua hedifoni, akajikanda bega la kushoto kidogo, akageuka. Uso wake ulikuwa laini, kana kwamba ndiyo kwanza ametoka kuoga.

"Dada Suba, mimi nakimbilia kwaya," alisema. "Halafu Jumapili napanda mlima na binti yangu. Njoo na shemeji, basi. Mnajifungia mno nyie!"

"Tutaona," alisema Subilaga.

Saa kumi na mbili mfululizo, droni arobaini kwa kila mwongozaji, na mwanamke huyu hakupiga mwayo hata mmoja. Subilaga alikuwa na hakika, maana alimwangalia kutwa. Siku hizi alimwangalia kuliko alivyoangalia kioo chake mwenyewe. Alijua viatu vyake, kilemba chake, namna alivyokula njugu moja moja bila haraka kama mtu aliye likizo. Kila alipomwona anacheka, kitu kilimkwaruza kifuani.

Siri ya Atuganile haikuwa siri. Chini ya kilemba alivaa ngata.

Zamani ngata ilikuwa kitambaa kilichoviringishwa, mtu akiweka utosini ili abebe ndoo au kuni. Siku hizi lilikuwa jina la pete nyepesi ya kichwani, yenye kusikiliza ubongo. Wanasayansi walihangaika miaka mingi kuufuta uchovu, wakashindwa, maana mwili haudanganyiki. Walichoweza ni kuuhamisha. Mtu mmoja anafanya kazi, na mwingine, popote alipo, anavaa ngata ya pili na kuchoka kwa niaba yake. Huyo wa pili aliitwa mchukuzi. Sheria iliruhusu saa sita kwa siku. Jina la mchukuzi lilibaki kwa wakala aliyewaunganisha, hata mwenye mzigo hakulijua.

Subilaga alikataa ngata tangu mwanzo. "Uchovu wangu ni wangu," alimwambia mumewe. "Sitamtwika mtoto wa mwenzangu." Yalikuwa maneno mazuri, na alijivunia kuyasema. Lakini yalikuwa hayajamsaidia siku aliyolala garini mpaka sherehe ya shule ya binti yake Bupe ikaisha, wala siku aliyomwita mumewe kwa namba ya droni.

Mkuu wa kituo, Bwana Mwangoka, alichungulia mlangoni. "Bado upo, Mama Bupe? Nenda ukalale, unaonekana mgonjwa." Kisha macho yake yakaenda kwenye kiti kitupu cha Atuganile. "Mwezi ujao nateua mkuu wa waongozaji. Nataka mtu asiyechoka."

Subilaga alisema "Ndiyo, Mkuu," akainuka.

*

Mumewe, Gwakisa, alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba kilichoshikana na nyumba yao, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa ndiye mtu wa furaha katika ndoa ile. Subilaga akirudi amekunja uso, yeye ndiye aliyekuwa na hadithi, yeye ndiye aliyekumbuka kwamba Bupe anapenda viazi vikavu na si vya rojo.

Lakini kwa miezi miwili sasa alikuwa amebadilika. Jioni ile alipakua chakula, akaketi, akalala na kijiko mkononi.

"Baba Bupe!"

Alishtuka. "Naam. Nipo."

"Uko wapi? Kutwa umeshika sindano, unachoka nini? Mimi nilikuwa na roho za watu angani."

"Najua," alisema Gwakisa kwa upole. "Pole, mama."

"Hujui."

Gwakisa alijikanda bega la kushoto, kwa vidole viwili, polepole, na Subilaga akabaki ameduwaa. Ule mkono aliwahi kuuona. Ile namna ya kujikanda hakuwa nayo mumewe. Alikuwa ameiona jioni ile ile, saa mbili tu zilizopita, kwenye bega la mtu mwingine.

Alijiambia ni bahati tu. Watu wote wana mabega.

Bupe alikwenda kusoma chumbani kwake. Gwakisa alijilaza kwenye kochi, na usingizi ukamchukua kama jiwe linavyochukuliwa na maji. Subilaga alichukua kanga ili amfunike. Alipoinama, midomo ya mumewe ikacheza.

"Njoo, mwali," alisema usingizini. "Njoo taratibu. Hivyo hivyo, mwali wangu."

Kanga ilimdondoka.

Kwa hiyo ndiyo hii. Kwa hiyo huyu mwanamke, baada ya kuchukua macho ya Mkuu, na kiti, na Jumapili za mlimani, alikuwa amemfikia hata huyu aliyelala hapa na mdomo wazi. Njoo na shemeji! Kwa kinywa kile kile!

Akili yake ilijaribu kumwambia kwamba Atuganile hushinda naye chumba kimoja, toka asubuhi hadi jioni. Watakutana saa ngapi? Lakini wivu hauhitaji ratiba. Ulimtafutia nafasi wenyewe: saa za kwaya, safari za kupeleka sare. Mpaka anapanda kitandani, Subilaga alikuwa amekwisha waona wakiwa pamoja mara kumi, na kila mara Atuganile alikuwa akicheka.

*

Asubuhi Subilaga alikwenda kazini, akaketi, akagawa anga. Ukungu ulikuwa mzito na droni zilikuwa nyingi. Hospitali za wilaya tatu zilikuwa zimeomba damu kwa pamoja. Alimtazama Atuganile mgongoni. "Njoo, mwali," Atuganile aliiambia droni ya kwanza, na Subilaga akauma ulimi mpaka akasikia chumvi.

Alivumilia karibu saa tano. Ilipofika saa tano kasorobo ya asubuhi akavua hedifoni.

"Atu. Shika na upande wangu. Nina dharura nyumbani."

Atuganile aligeuka. "Zote, dada? Zitakuwa themanini."

"Si huwa huchoki?"

Atuganile alimtazama kidogo, akagusa kilemba chake, kisha akasema, "Sawa, dada. Nenda." Subilaga alipokuwa akitoka alihisi utamu mbaya. Acha naye aonje leo. Alijua kanuni: msimamizi haondoki kitini bila mbadala. Aliijua kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha wengine.

Nia yake ilikuwa kumkuta Gwakisa na kumwuliza uso kwa uso. Njiani alipanga maneno, akayapanga upya, kila safari makali zaidi. Aliusukuma mlango wa chumba cha kushonea bila hodi.

Gwakisa alikuwa sakafuni kati ya cherehani na rundo la sare za bluu. Macho yalikuwa nusu wazi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Na kichwani, mahali ambapo Subilaga hakuwahi kufikiria kuiona, palikuwa na ngata.

Maneno yote aliyoyapanga yalimtoka. Alipiga magoti, akashika mshipa wa shingo. Ulikuwa ukienda mbio, ukisita, ukienda mbio tena. Pembeni ya ngata palikuwa na kioo kidogo chenye maandishi. *Mwenzako anaomba mzigo wa ziada. Umekubali.* Muda ulioandikwa chini yake ulikuwa dakika ishirini tu zilizopita, dakika ile ile aliyotoka kitini. Alisogeza maandishi juu kwa kidole. Jana, jumla ya saa kumi na moja. Juzi, jumla ya saa kumi na mbili. *Umekubali. Umekubali. Umekubali.*

Hakukuwa na hawara. Mumewe alikuwa mchukuzi wa Atuganile. Lile bega, yale maneno ya usingizini, yalikuwa mabaki ya mzigo, kama unga unavyobaki shingoni mwa mbeba magunia. Na mzigo wa leo, uliomwangusha, ameuongeza mkewe.

"Mama Lusubilo!" alipiga kelele kumwita jirani. "Mama Lusubilo, ita gari la wagonjwa!"

Mikono yake ilikwenda kuivua ngata, ikasimama hewani.

Alijua vifaa hivi. Aliwasomea waongozaji wake maelekezo yake kila mwaka. Mzigo wa ngata hutuliwa polepole, nusu saa nzima, pande zote mbili zikiwa zimetulia. Ukiivua ghafla, vyote vilivyokwisha hamishwa siku hiyo humrudia mwenyewe kwa pigo moja. Atuganile angeanguka juu ya meza. Na Atuganile alikuwa ameshika droni themanini ndani ya ukungu, juu ya mapaa ya watu, zikiwa na damu ya wagonjwa, bila mtu wa kumpokea kwenye kiti cha pili. Kiti cha pili kilikuwa chake yeye, Subilaga.

Akiiacha, moyo wa Gwakisa usingemaliza nusu saa. Hilo aliliona kwa macho.

Kwa pumzi moja, si zaidi, alitamani kuivua tu. Acha aanguke. Acha wote waone mwanamke asiyechoka amelala kifudifudi. Wazo lile lilikuwa tamu na aliijua ladha yake; alilitafuna njia nzima.

Kisha akakumbuka maelekezo yaliyobaki: ngata ikihama kichwa hadi kichwa kabla pumzi kumi hazijaisha, mzigo haukatiki.

Aliivua kwenye kichwa cha mumewe, akaivaa.

Mzigo uliingia kwanza begani, kama ndoo iliyojaa. Kisha machoni, kisha kwenye mifupa ya nyuma ya shingo. Kichwa kisichozoezwa hupokea kila kitu kibichi. Aliegemea ukuta, akatapika pembeni, akajifuta kwa sare ya mtoto wa mtu. Lakini kilichomshangaza hakikuwa uzito. Chini ya uchovu ule palikuwa na hofu, nyembamba, isiyonyamaza, nayo aliitambua mara moja kwa sababu alilala nayo kila usiku: hofu ya kuonekana umechoka. Kumbe yule mwanamke wa njugu moja moja alikuwa nayo. Ilikuwa imempita tu mchana, ikaenda kukaa kwa fundi cherehani.

Alipiga simu chumba cha kuongozea.

"Atu, ni mimi. Usisimame, usigeuke. Mchukuzi wako ameanguka. Ngata yake iko kichwani mwangu."

Sauti ndogo ikajibu: "Dada? Mchukuzi wangu ni nani?"

"Mume wangu."

"Mungu wangu. Dada, naapa sikujua—"

"Najua hukujua. Nisikilize. Natoa amri ya Anga Tupu."

Amri ile ilikuwepo kwenye kitabu tu. Kwa miaka kumi na moja hakuna msimamizi aliyeithubutu, maana ilimaanisha kusimamisha mizigo yote ya nyanda na kukiri kwamba kituo kimeshindwa. "Za damu kwanza," Subilaga alisema. "Zishushe hospitalini moja moja. Nyingine uwanja wowote ulio karibu, hata wa shule. Usipokee mpya."

"Mkuu atatuua."

"Atatuua tukiwa macho. Anza."

Mama Lusubilo aliingia na watu wa gari la wagonjwa. Walimbeba Gwakisa. Subilaga alitaka kumfuata, akashindwa kusimama. Alimshika mkono tu mpaka machela ilipomnyang'anya. Kisha akabaki sakafuni na simu sikioni, akihesabu pamoja na mwanamke aliyemchukia asubuhi. Sabini na moja. Hamsini na nane. Mara mbili Atuganile alilia, na mara mbili Subilaga alimwambia, "Lia huku unashusha." Ilipobaki droni moja alisikia sauti ile ya kubembeleza, safari hii imepasuka kama chungu: "Njoo, mwali. Njoo." Akafumba macho.

"Imetua," alisema Atuganile.

"Sasa keti chini, sakafuni, usije ukaanguka. Tuanze kuutua."

Walikaa nusu saa, kila mmoja sakafuni kwake, mzigo ukirudi kwa mwenyewe kidogo kidogo. Mwishoni Subilaga alisikia mkoromo upande wa pili wa simu.

*

Siku ya tatu Gwakisa aliweza kuketi kitandani. Daktari alisema moyo umepata mkwaruzo lakini utapona, mradi asiguse ngata tena maisha yake yote. Subilaga alingoja daktari atoke.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilikuomba mara tatu unipe uchovu wako," alisema Gwakisa. "Ukakataa. Ulikuwa unarudi nyumbani umefungwa kama sanduku. Ukiulizwa, unasema hamna kitu. Nikaona wivu, Mama Bupe. Nikaionea wivu kazi yako, maana ndiyo iliyokuwa inakujua. Nikamwendea wakala, nikamwambia nataka mtu wa chumba cha droni, yeyote. Nilitaka nijue unarudi na nini."

"Na hizo saa kumi na moja? Kumi na mbili? Ungeweza kukataa."

"Kila maombi ya ziada yalipokuja niliona kama ni wewe unayeomba." Alitazama mikono yake. "Ningekukataliaje?"

Subilaga aligeukia dirisha. Alikuwa na hasira, na aibu, na chini ya vyote ule mkwaruzo wa zamani ulikuwa bado upo. Kwamba mumewe alimjua mwanamke mwingine namna hiyo, uchovu wake, hofu yake, bega lake. Kwamba kwa miezi miwili alichoka na mwingine. Hakuna sheria iliyolipatia jambo hilo jina.

Bwana Mwangoka alimkuta ukumbini mwa hospitali, mkononi ana karatasi. Hakuna droni iliyoanguka, alisema, na hakuna mgonjwa aliyekosa damu. Lakini bodi inataka taarifa. "Andika kwamba Atuganile alipita saa za sheria. Ni kweli. Ya wewe kuondoka kitini si lazima yawemo. Anga Tupu imekupa jina, Mama Bupe. Kiti cha mkuu wa waongozaji ni chako."

Ndicho alichokitaka. Atuganile chini, yeye juu, na kila neno la kweli. Subilaga alishangaa jinsi mkono wake ulivyoitamani ile karatasi.

"Mkuu, ni nani anayepanga zamu za saa kumi na mbili?" aliuliza.

"Hilo ni jambo la—"

"Na droni arobaini kwa kichwa kimoja?"

Subilaga aliandika pale pale, akiegemeza karatasi ukutani. Aliandika saa za Atuganile. Aliandika ratiba, na sahihi ya aliyeiidhinisha. Kisha akaandika kwamba msimamizi wa zamu aliacha kiti chake bila mbadala, akijua, kwa sababu ya wivu. Alipofika kwenye neno lile kalamu ilisita. Akaliandika, akatia sahihi.

*

Bodi ilimvua usimamizi. Atuganile alisimamishwa miezi mitatu. Mwangoka alihamishwa, na mkuu mpya akapunguza zamu hadi saa sita na droni hadi ishirini. Mizigo ya nyanda ikaanza kuchelewa, watu wakalalamika, na wengine wanalalamika hadi leo.

Atuganile alikuja kumwona Gwakisa nyumbani, na kikapu cha parachichi. Alikuwa na mifuko chini ya macho, na alipiga miayo mitatu kabla ya kuketi. Alimwomba radhi shemeji, akalia, akanywa chai. Kisha Gwakisa akasema jambo fulani kuhusu droni za asubuhi zinavyopenda kuvutwa kushoto, Atuganile akacheka, na wote wawili wakainua mkono kwa pamoja kujikanda bega lile lile.

Walishtuka, wakaishusha mikono.

"Naona wivu," alisema Subilaga.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyosema mvua imeanza. Atuganile aliinamisha kichwa. "Una haki, dada," alisema, na baada ya muda mfupi akaaga.

Ilikuwa saa kumi jioni. Bado kulikuwa na jua, na Subilaga hakuwa amezoea kuwa nyumbani na jua. Gwakisa alikuwa akimtazama, akisubiri kulaumiwa.

"Uchovu wake umeujua wote," alisema Subilaga. "Mpaka hofu yake. Wa kwangu hujui hata robo."

"Hukunipa."

"Leo nakupa. Ila kwa mdomo, daktari amekataza hiyo nyingine." Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, magoti yakagusana. Alifungua kinywa, akakuta hajui pa kuanzia. Miaka kumi na moja ya kazi ilikuwa imerundikana mlangoni, kila mmoja ukitaka kutoka wa kwanza. Gwakisa hakumharakisha.

"Kulikuwa na droni moja," Subilaga alianza, "mwaka wangu wa kwanza. Sijawahi kumwambia mtu."